Asiambiwe, Yuko Kwenye Mitihani

Siku niliyomaliza pepa la mwisho la mwaka wa pili, baba mdogo alinipigia simu. Nisikae Dar es Salaam kusubiri matokeo, alisema, nipande basi nije nyumbani, bibi anaumwa kidogo. Miaka hiyo mabasi yalikuwa hayaruhusiwi kutembea usiku, kwa hiyo safari ya Bukoba ilikuwa na usiku mmoja wa kulala njiani. Nilifika jioni ya siku ya pili. Uani hapakuwa na turubai wala viti vya kukodi. Mama alinishika mkono bila kusema neno, akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Udongo wa kaburi ulikuwa umeshaanza kupasuka. Bibi alizikwa siku kumi na moja nyuma, asubuhi ileile niliyokuwa nafanya mtihani wa takwimu.

"Tulikaa kikao," baba mdogo alisema. "Tukaona tukikwambia utafeli."

Sikufeli. Takwimu nilipata B+, na kwa miaka miwili baada ya hapo nilimwota bibi akiniuliza kwa nini sikuja.

Uamuzi ule wa baba mdogo, familia nyingi za Kitanzania zenye mtoto chuoni zimewahi kuufanya au zitaufanya. "Asiambiwe, yuko kwenye mitihani." Husemwa kwa sauti ya chini, jikoni au kwenye kona ya turubai, na anayesema ni mtu anayempenda huyo mtoto kweli kweli. Je, familia ina haki hiyo? Na kama haina, nani katufikisha mahali ambapo kumficha mtu kifo cha bibi yake kunaonekana ni huruma?

Hesabu ya familia si ya kijinga. Katika vyuo vyetu vingi kazi za muhula hubeba alama 40 na mtihani wa mwisho, UE, hubeba 60. Anayeingia mitini siku ya UE bila ruhusa anaweza kuhesabiwa amefeli, na mambo yakienda vibaya zaidi anadisko, anarudi kwao na begi. Akibahatika kupewa sup, yaani mtihani wa marudio, atakesha na kufanya vizuri kuliko darasa zima, lakini mara nyingi daraja halitavuka C. Kwa anayekimbilia daraja la kwanza, ambalo kwenye vipimo vya GPA ya 5 huanzia 4.4, C mbili tatu zinatosha kuzima ndoto. Mwaka wa ziada nao ni ada, chumba na chakula, na si kila mara Bodi ya Mikopo itaubeba. Mjomba alishauza ng'ombe. Mama alishavunja kibubu chake cha kikoba. Pepa lile la takwimu halikuwa langu peke yangu. Lilikuwa la watu wengi, na wenye mali walikaa kikao wakailinda mali yao.

Ila kikao kilikuwa na kosa moja kubwa. Kilidhani kinachopotea kwa kukosa mazishi ni huzuni tu, na huzuni inaweza kusubiri likizo. Kuzika kwetu ni kazi ya mikono na miguu. Unachimba, unabeba, unatupia udongo, unalala chini na wenzako siku mbili tatu, unasikia marehemu akisimuliwa na watu ambao hukujua kama walimfahamu, unacheka kidogo katikati ya kilio. Tanga likishaanuliwa, ile nafasi hairudi. Utakuja na maua yako mwezi wa nane, utakuta watu wanapalilia maharage. Halafu lipo daftari la rambirambi, ambalo hakuna anayekiri kulisoma na wote wanalikumbuka. Kijiji hakiulizi kama ulikuwa na UE. Kinajua hukuonekana.

Hapa lazima nitenganishe mambo mawili ambayo wanafunzi hupenda kuyachanganya. Kifo hakiangalii almanaka ya chuo. Harusi inaweza. Tarehe ya harusi hupangwa na kamati, kwenye kikao, mezani pana soda na daftari la ahadi. Kinachoamua ni ukumbi, michango na mchungaji au shehe. Almanaka ya chuo hutoka kabla mwaka wa masomo haujaanza, wiki za UE zikiwa ndani. Sijawahi kukaa kwenye kikao cha harusi mtu akauliza, "Bwana mdogo ana mitihani lini?" Tunamshonea sare, tunampa kazi ya kusimamia vinywaji, kisha anapofeli tunamwambia alichezea shule. Na mwanafunzi anayekosa maabara ya wiki nzima kwa sababu ya kitchen party, send-off, harusi yenyewe na kuvunja kamati asinililie. Vyuo vingi hudai mahudhurio, mara nyingi asilimia 75, na kuvunja kamati si udhuru hata kwa mwenye roho nyepesi kuliko wote pale kitivoni.

Sikukuu ziko katikati. Krismasi inajulikana, na Wachaga wameijengea utaratibu wa kurudi Kilimanjaro ambao hata mabasi yanauheshimu. Idi hutegemea mwezi na husogea nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka, hivyo kizazi kimoja cha wanafunzi hufanya majaribio katikati ya Ramadhani na kingine hakikutani nayo. Kwa haya, busara ya mwalimu inatosha: usipange jaribio asubuhi inayofuata usiku ambao mwezi unaweza kuandama. Tuyaache.

Turudi kwenye msiba, maana hapo ndipo sheria ilipomwacha mwanafunzi nje ya mlango. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa angalau siku nne zenye malipo kwa ugonjwa au kifo cha mtoto wake, au kifo cha mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Orodha hiyo ina upungufu wake: mjomba aliyeuza ng'ombe hayumo, shangazi hayumo, na baba mdogo, ambaye kwa Kiswahili ni baba, kwa sheria si baba. Lakini angalau ni orodha. Karani wa chuo ana siku nne za kumzika mama yake. Mwanafunzi aliyesimama mbele ya dirisha la karani huyo hana siku hata moja ya sheria. Ana kanuni za mitihani za chuo, na kanuni hizo kwa kawaida hutambua kufiwa kama sababu ya kuahirisha mtihani, kwa ushahidi na kwa kibali.

Ushahidi na kibali. Barua ya mtendaji wa kijiji au kibali cha mazishi, saini ya mkuu wa idara, mshauri wa wanafunzi, kisha ofisi nyingine ghorofa ya tatu ambayo mwenye muhuri kaenda semina. Kwa Mwislamu wa Kisarawe ambaye mama yake kafariki alfajiri na anazikwa alasiri, karatasi hizo ni mzaha: akizikamilisha, watu wameshatoka makaburini. Kwa wa Kigoma, aliye zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, kila saa ya kutafuta muhuri inakatwa kwenye safari. Ugumu wa usafiri umepungua, nakiri. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku baada ya zuio la karibu miaka 30, na treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma iliyoanza mwaka 2024 imefanya safari ya kutwa kuwa ya saa chache. Karatasi ndizo zimebaki na mwendo wa zamani.

Walimu wana utetezi wao, na nimekaa nao vya kutosha kuujua. Wanasema bibi wa wanafunzi hufa zaidi wiki ya majaribio. Yupo anayedai kuwa na kijana aliyefiwa na bibi mara nne katika shahada moja. Kicheko hicho kina ukweli wake, maana waongo wapo, na kila mwongo humharibia aliyefiwa kweli. Lakini kabla hatujacheka sana tuhesabu kwa Kiswahili. Mama wa mama ni bibi. Mama wa baba ni bibi. Dada zao ni bibi, na mke mwenza wa bibi ni bibi pia, na pengine ndiye aliyekulea. Kijana wa watu anaweza kuzika bibi wanne bila kusema uongo hata mara moja. Fomu iliyotungwa kwa hesabu ya bibi wawili inamlazimisha mkweli aonekane mwongo, kisha mwongo anajifunza kuijaza vizuri kuliko yeye.

Dawa ninayoipendekeza haidai bajeti. Vyuo vyetu tayari vina kipindi cha sup kabla mwaka mpya haujaanza. Mitihani inatungwa, vyumba vinapangwa, wasimamizi wanapatikana. Aliyefiwa akae humohumo afanye mtihani maalumu, uhesabiwe kuwa ndio wa kwanza, bila ukomo wa C. Vyuo kadhaa vinao utaratibu huu kwenye vitabu vyao. Kinachokosekana ni njia nyepesi ya kuufikia: ujumbe mmoja kwa ofisi moja kabla ya pepa, ushahidi uletwe ndani ya wiki mbili baada ya mazishi. Atakayebainika kadanganya, adhabu za udanganyifu wa mtihani zipo, zimtafute. Ataponyoka mwongo mmoja mmoja? Ndiyo. Napendelea hasara hiyo kuliko ya kumsimamisha mfiwa kwenye foleni ya muhuri.

Jambo moja zaidi, ambalo vikao vyetu havilitaji. Kuficha habari ni huruma inayokwenda zaidi kwa watoto wa kiume. Wa kike huambiwa, tena mapema, kwa sababu mgonjwa anahitaji wa kumwogesha na msiba unahitaji wa kusimama jikoni. Nimesoma na dada mmoja aliyekuwa na akili kutushinda wote darasani. Mama yake alipougua, kaka zake wawili waliokuwa chuo kingine waliachwa "wasisumbuliwe". Yeye alikaa hospitali wiki tano. Alirudi akapata sup tatu, na kwenye mahafali yetu hakufika. Familia inayosema inalinda elimu ijiulize inalinda elimu ya nani.

Hata hivyo kuficha kwenyewe kumekufa, na kumeuawa na simu. Mimi nilikuwa na kitochi. Ilitosha ndugu wasinipigie. Leo ukoo una kundi la WhatsApp, na kabla maiti haijafika mochwari binamu mmoja ameshaweka picha ya marehemu na mshumaa. Mwanafunzi anaifungua akiwa kwenye mstari wa kuingia chumba cha mtihani, dakika kumi kabla. Sasa amefiwa, na juu ya hilo amejua kwamba walio wake walimdanganya jana usiku kwenye simu. Anaingia na yote mawili.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: aambiwe. Aambiwe na mtu mzima, kwa sauti, si kwa picha. Aambiwe mazishi ni lini na nauli ipo au haipo. Kisha aulizwe yeye anataka nini, na atakachochagua kisisemwe vibaya kikaoni. Mtu wa miaka ishirini na mmoja anapiga kura, anasaini mkopo wa mamilioni, anaweza kuoa. Anaweza kubeba na hili. Atakayebaki afanye pepa lake asihesabiwe hana uchungu, na atakayekwenda asihesabiwe kachezea ada.

Mpwa wangu yuko mwaka wa tatu. Almanaka yake imebandikwa sebuleni kwa mama yake, wiki za UE zimezungushiwa wino mwekundu, na harusi ya binamu yake ilisogezwa wiki tatu kwa ajili hiyo. Babu yake mdogo alipofariki Jumatatu ya wiki nyekundu, mama yake alimpigia usiku uleule. Alilia, akauliza mazishi ni lini, akasema atafanya pepa la Jumatano kisha apande basi la usiku. Alhamisi mchana tulimpokea stendi, na saa tisa alikuwa na jembe mkononi. Pepa la Ijumaa aliliombea kuahirishwa kwa barua, akaambatisha karatasi ya mtendaji. Ni mwezi wa pili sasa, chuo hakijajibu.