WAPANDA BAISKELI NA MADEREVA WA DALADALA

Mara nyingi katika mikutano yetu tumesikia manung'uniko ya wanachama wajao kazini kwa baiskeli hapa Dar es Salaam, ya kwamba daladala huwabana hata ukingo wa mtaro, tena husimama ghafula mbele yao ili kumpakia abiria mmoja. Manung'uniko hayo ni ya haki. Lakini tulipouliza ni nani aliyeandika barua, hakuonekana hata mmoja. Twaona ajabu, maana sisi ndio watu ambao kazi yetu ni kuandika, na kila siku twapokea barua za wengine, tukijua vema zipi hushughulikiwa na zipi hulala katika faili.

Barua isemayo, "Juzi daladala moja ilitaka kuniua," haina faida. Ofisa aipokeaye hawezi kumwita mtu asiyejulikana. Yampasa mwandishi ataje namba ya gari yote, yaani herufi T, tarakimu tatu, na herufi tatu zifuatazo. Njia iliyoandikwa mbele ya gari, kama vile Mbagala au Gongo la Mboto. Siku, saa, mahali, na upande lilikokuwa likielekea. Kisha jambo lenyewe, kwa maneno machache yasiyo na matusi. Akiwapo shahidi, na atajwe kwa idhini yake. Asiyeweza kuishika namba kichwani na asimame kando aiandike. Kutoa simu mfukoni huku waendesha, au kulifukuza gari ili uisome namba, ni kutafuta kifo cha pili baada ya kuponea cha kwanza.

Barua ipelekwe wapi? Leseni za biashara ya daladala, na kazi ya kuwathibitisha madereva wake, zimo mikononi mwa LATRA, mamlaka iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2019 mahali pa SUMATRA. Wako wasemao ya kuwa LATRA ni kwa ajili ya abiria, na mpanda baiskeli hana tikiti. Hatukubali. Dereva huthibitishwa kwa ajili ya watu wote walio barabarani, si kwa wale tu waliolipa nauli. Kwa habari ya mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi mwaka 2016, barua ipelekwe kwa Wakala wake. Lakini mwanachama ajichunguze kwanza, kwani ikiwa alikuwa ndani ya njia ya mabasi hayo, isiyo yake, barua itamrudia mwenyewe. Gari likikugonga, hilo si jambo la barua tena: ni la polisi, ambako hutolewa fomu ya PF3, na aliyeumia sana apelekwe hospitali upesi.

Wengine wakisambaza picha ya gari kwa rafiki zao katika simu hudhani wameshitaki. Wamekasirisha watu tu, na dereva hana habari.

Liko jambo moja ambalo halmashauri ilibishana sana juu yake. Dereva wa daladala, mara nyingi, hana mshahara wa mwezi kama sisi. Humpelekea mwenye gari hesabu ya kila siku, na kinachobaki ndicho chake. Hapo ndipo zitokapo mbio na kugombania abiria. Mwanachama mmoja alisema ya kuwa kumshitaki mtu wa namna hiyo ni kumnyang'anya chakula. Twamheshimu kwa neno hilo, lakini watoto wa mpanda baiskeli nao hula. Basi iandikwe kweli tupu bila chumvi, na mwenye gari, akijulikana, apewe nakala, kwa kuwa hesabu hiyo ni yeye aliyeipanga.

Tena wako madereva wema, wanaopunguza mwendo nyuma ya baiskeli mahali pembamba, wakangoja bila kupiga honi. Hao nao waandikiwe, kwa namba, siku na saa zilezile. Dereva mwenye barua ya namna hiyo ana kitu cha kumwonyesha tajiri mwingine siku akitafuta gari jingine.

Katibu amefungua daftari la nakala za barua hizi, za mashitaka na za sifa pamoja, naye huzipokea siku yo yote ya kazi. Tunapopiga chapa toleo hili, daftari hilo halina hata barua moja.