Mechi Imeisha Ngapi Ngapi?

TAHARIRI

Ijumaa ya tatu ya Machi, saa tano kamili asubuhi kwa saa za hapa Minnesota, mama mmoja wa jumuiya yetu alikuwa amesimama katika ukumbi wa chuo cha udaktari, kitenge kimefungwa juu ya koti la baridi. Mkono mmoja ulishika simu, mwingine ulimshika binti yake, na binti alishika bahasha. Upande wa pili wa simu ilikuwa Mwanza, saa moja ya usiku, sebuleni kwa bibi, ukoo mzima umejibana mbele ya kioo kimoja. Bahasha ikachanwa. Binti akasoma mstari mmoja, akapiga ukelele, na vigelegele vikaitikia kutoka mabara mawili. Kelele zilipotulia ikasikika sauti ya bibi, ambaye wiki nzima alikuwa akiambiwa tu kwamba mjukuu wake ana mechi.

"Haya mjukuu wangu, mechi imeisha ngapi ngapi?"

"Tumeshinda, Bibi!"

"Na wenzio?"

Tulicheka swali la kwanza mpaka machozi. La pili halikujibiwa na mtu, maana simu ilikuwa imeshanyakuliwa na shangazi. Sisi tumelichukua tukaja nalo hadi kwenye ukurasa huu.

Kwa wasomaji ambao nao walidhani ni Simba na Yanga, tueleze. Hapa Marekani kumaliza chuo cha udaktari kunakupa jina la daktari, lakini hakukupi ruhusa ya kutibu peke yako. Ni lazima uingie hospitalini kwa mafunzo ya ubingwa, ambayo vijana wetu huyaita rezidensi: miaka 3 kwa tiba ya familia, magonjwa ya ndani au watoto, 5 kwa upasuaji, 7 kwa upasuaji wa ubongo. Zamani hospitali ziligombania wanafunzi kama walanguzi wanaonunua korosho zikiwa bado maua. Katika miaka ya 1940 kijana aliweza kufungwa mkataba miaka miwili kabla hajahitimu. Mwaka 1952 ukaanzishwa mfumo mmoja wa taifa zima, na ndio huo tunaouita mechi.

Mfumo wenyewe ni mshenga. Mwombaji huandika programu zilizomsaili kwa mpangilio wa moyo wake, na kila programu nayo huwapanga waombaji. Kompyuta hupeleka posa kwenye chaguo la kwanza la mwombaji. Programu yenye nafasi hupokea posa bila kufunga ndoa. Akitokea mwingine inayempenda zaidi, wa mwanzo huachiliwa, na mshenga humpeleka mlango wa pili. Huendelea hivyo mpaka kusibaki mlango wa kubisha. Mfano huu wa ndoa hatukuubuni sisi. Mwaka 1962 wanahisabati David Gale na Lloyd Shapley waliandika juu ya hesabu hiyo kwa kutumia ndoa hiyo hiyo. Baadaye Alvin Roth aliusuka upya mfumo wa madaktari, ukaanza kutumika 1998, na mwaka 2012 yeye na Shapley walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. La kukumbuka kwa mzazi ni moja: mwombaji hapotezi chochote kwa kuandika mbele pale anapopataka kweli. Baba anayemshinikiza mwanawe atangulize hospitali yenye jina kubwa, ili naye apate la kusema harusini, anaingilia posa isiyo yake.

Hiyo ndiyo Ijumaa. Lakini mechi haianzi Ijumaa. Jumatatu ya wiki hiyo hiyo kila mwombaji hupokea ujumbe mfupi: umepata, au hukupata. Aliyepata husubiri Ijumaa ajue ni wapi. Aliyekosa ana siku chache tu za kukimbizana na nafasi zilizobaki, akituma maombi upya na kungoja simu za usaili, huku wenzake wakiagiza keki.

Mwaka huu Jumatatu ilimkuta ndugu yetu mmoja kwenye maegesho ya nyumba ya wazee anakofanya kazi usiku. Alikuwa ametoka zamu, gari halijapata joto, kioo cha mbele kimeganda barafu. Nyumbani alikuwa daktari katika hospitali ya wilaya. Amewahi kumzalisha mama kwa mwanga wa simu baada ya umeme kukatika. Hapa anawageuza wazee kitandani wasipate vidonda, na anaandika joto na mapigo ya moyo kwenye fomu isiyo na nafasi ya maoni yake. Alisoma ujumbe, akaizima simu, akashuka kukwangua barafu. Ilikuwa mara yake ya tatu. Ijumaa, kwenye kundi letu la WhatsApp, alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuandika, "Hongera sana mwanetu, Mungu akutangulie." Hakuna aliyejua kwamba naye alikuwa uwanjani. Ametueleza wiki mbili baadaye, na ameturuhusu tuandike bila jina.

Mficha uchi hazai, wazee wetu walisema. Lakini tuseme ukweli: angeuvulia wapi uchi wake? Mbele yetu sisi tunaomwita "daktari" kwa kicheko tukimwona na sare ya msaidizi wa wauguzi? Sisi ambao mtu akikosa mara moja tunamwambia aache ndoto, abebe boksi kama wenzake? Kubeba boksi si aibu, na nusu ya nyumba zetu zimejengwa nalo. Aibu ni kumfanya mtu aone kwamba boksi ndilo kaburi la elimu yake.

Uwanja wenyewe umeinama. Waliohitimu vyuo vya udaktari vya hapa, zaidi ya 9 kati ya 10 hupata nafasi. Waliosomea nje na wasio raia wa Marekani, ni takriban 6 kati ya 10, na hao ni wale waliofika mwisho wa safari. Kabla ya hapo kuna cheti cha kuthibitisha elimu yao, na mitihani ambayo mmoja wake humgharimu aliyesomea nje kama dola 1,000, mbali na ada ya kila programu anayoomba. Wako wanaoomba zaidi ya mia moja. Mtihani wa kwanza tangu 2022 hutoa jibu la kufaulu au kutofaulu tu, kwa hiyo aliyetoka chuo kisichojulikana huku amepoteza mahali pa kuonyesha alama zake kubwa. Hutakiwa pia barua za madaktari wa Marekani waliomwona akifanya kazi. Na programu nyingi hutazama mwaka uliohitimu. Kila mwaka unaokwenda katika kutafuta kodi ya nyumba huzeesha shahada ukutani.

Asiye na makazi ya kudumu ana mlima mwingine. Wengi huingia kwa viza ya mafunzo ambayo, ubingwa ukiisha, humtaka arudi kwao miaka miwili kwanza. Njia ya kusamehewa sharti hilo ilifunguliwa mwaka 1994 na seneta wa jirani zetu wa North Dakota, Kent Conrad: kila jimbo linaweza kuombea madaktari 30 kwa mwaka, nao hutumikia miaka 3 mahali penye uhaba wa matibabu. Ukiugulia ndani kabisa mwa mashamba ya jimbo hili ukahudumiwa na daktari mwenye lafudhi kama yako, huenda ndiyo njia iliyomleta.

Serikali ya Minnesota yenyewe iliona hasara ya kuacha madaktari wakisukuma vitoroli. Mwaka 2015 ilianzisha, kupitia idara yake ya afya, mpango wa kuwasaidia waliosomea udaktari nje waingie kazini, hasa vijijini na penye uhitaji. Mwenye nyumba ameona mgeni wake ana ujuzi. Sisi tuliokuja naye tunangoja nini?

Maana kuchanga tunakujua. Mwenzetu akifariki, siku mbili hazipiti kamati imeshakaa, mweka hazina ametuma namba, na daftari linajaa: jina, ahadi, iliyolipwa. Tumesafirisha miili hadi Kisii, Moshi na Bukavu, na hakuna uliokwama uwanja wa ndege kwa kukosa nauli. Harusi ndiyo usiseme. Kadi ya mchango hukufikia kabla ya kadi ya mwaliko. Lakini daktari aliyekwama miaka sita kwa ajili ya dola 1,000 za mtihani hatujawahi kumfungulia ukurasa. Akirudi nyumbani ndani ya jeneza tunamchangia. Akitaka kuingia wodini akiwa hai tunamwachia Mungu.

Kwa hiyo jarida hili linapendekeza mambo matatu. Kwanza, mfuko wa mitihani: mkopo usio na riba, unaorudishwa kidogo kidogo mkopaji akishaanza kazi, ili umsaidie na anayefuata. Usisimamiwe na wanasiasa wa jumuiya bali na watu wawili wa fedha na daktari mmoja, na hesabu zisomwe hadharani kama zinavyosomwa za msiba.

Pili, waliokwisha kupita wafungue mlango. Maombi hupelekwa kwenye programu mwishoni mwa Septemba, na usaili huanza Oktoba hadi Januari, siku hizi kwa sehemu kubwa kwa video. Daktari wetu aliyeko kazini anaweza kutoa jioni moja amsaili mdogo wake, amwambie kwamba kule kuinamisha macho kwa heshima, tulikofundishwa na mama zetu, msaili wa hapa hukuona ni kutojiamini. Anaweza kusoma barua yake ya kujieleza. Anaweza kumwombea nafasi ya kukaa kliniki akiangalia. Hayo hayahitaji harambee.

Tatu, Jumatatu. Mwakani siku hiyo kundi la WhatsApp linyamaze. Asiulizwe mtu mbele ya watu mia mbili, "Vipi, umepata?" Kila mwombaji awe na mtu mmoja aliyemchagua mwenyewe, na huyo ndiye ampigie. Atakayekosa apelekewe chakula kama tunavyompelekea mfiwa: wali, mchuzi, tukae, tuondoke, bila hotuba. Na akiamua kujaribu tena, au kugeukia uuguzi au afya ya jamii, heshima yake ibaki ile ile.

Tunajua wapo watakaotuandikia: mbona mnashangilia nyumbani kukosa madaktari? Swali ni halali, na hatutalijibu kwa maneno matamu. Daktari anayebaki Minnesota ni kiti kitupu mahali fulani. Lakini kiti hakikuachwa wazi kwa kiburi tu. Machi 2024, wiki ile ile vijana wa hapa walipokuwa wakipasua bahasha, madaktari wa Kenya walianza mgomo uliokwenda hadi Mei, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa posho ya madaktari tarajali: makubaliano ya 2017 yaliweka shilingi 206,400 kwa mwezi, serikali ikataka kulipa 70,000. Mhitimu wa nyumbani naye ana Jumatatu yake. Anayetaka abaki aanze kwa kudai alipwe. Na wengi wa waliofungua bahasha mwaka huu wamekulia huku huku; watakachoipa nchi ya wazazi wao kitategemea kama tuliwafundisha kuipenda.

Neno la mwisho kwa ndugu wa walioshinda. Kazi inaanza mwanzoni mwa Julai. Kanuni za mafunzo zinaruhusu mpaka saa 80 kwa wiki, kwa wastani wa wiki nne, na hiyo ni baada ya kupunguzwa mwaka 2003. Mshahara wa mwaka wa kwanza kwa kawaida ni dola elfu sitini na kitu kabla ya kodi, na wengi waliosomea hapa wanaanza na deni la karibu dola 200,000. Msimtumie orodha ya ada za shule kabla hajajua choo cha wodi kiko wapi. Msimpigie saa nane za usiku awaandikie dawa ya shinikizo. Mkimwona amesinzia kanisani au msikitini, mfunikeni koti.

Kwa binti wa bahasha na wenzake wote: hongera. Mmeitoa jamii kimasomaso, na hatutaki furaha yenu ipunguzwe hata kijiko. Pilau yenu tumeila, na tutaila tena siku mtakapoitwa mabingwa.

Kamati itakutana Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya ibada, katika ukumbi ule ule tunaokaa misiba. Mweka hazina amekubali kuja na daftari lake. Kurasa za nyuma ni za waliotangulia, na zimejaa. Amekwisha kupiga mistari ukurasa mpya: jina, ahadi, iliyolipwa. Ndugu yetu wa nyumba ya wazee ametuma salamu kwamba atachelewa kidogo, maana Jumamosi yuko zamu ya usiku, lakini atakuja, na safari hii amesema tunaweza kutaja jina lake.