Posho ya mtoto isitoke kwenye droo ya duka

Kila mwezi Januari shule zinapofunguliwa, wauzaji wa madaftari, sare na viatu vya shule wa Kariakoo na wa masoko ya mikoani hupata wateja wengi, na wazazi hupiga hesabu ya kila senti. Mfanyabiashara mwenye watoto anajua amenunua madaftari mangapi, sare ngapi na begi kwa bei gani. Lakini ipo gharama moja ambayo wengi hawaiandiki popote, ingawa hutoka kila siku ya shule. Ni ile hela anayopewa mtoto asubuhi ya kununulia mihogo, maandazi au barafu wakati wa mapumziko.

Kwa mwajiriwa, hela hiyo hutoka kwenye mshahara. Kwa mwenye duka, genge au kibanda, mara nyingi hutoka kwenye droo ya mauzo. Mtoto anapita dukani na begi lake mgongoni, anasema, "Shikamoo baba, naomba hela ya shule." Droo inafunguliwa, noti ya sh. 1,000 inatoka, na kazi zinaendelea. Hakuna anayeona tatizo, kwa sababu kiasi chenyewe ni kidogo.

Hesabu inasema vingine. Tuseme duka linapata faida ya asilimia 10 ya mauzo. Katika kila sh. 1,000 iliyomo ndani ya droo, sh. 100 tu ndiyo faida, na hapo kodi ya pango na umeme bado havijatolewa. Zile sh. 900 zilizobaki ni mtaji, yaani ni sukari, sabuni na mchele wa kesho. Ili noti ile moja iwe imetoka kwenye faida, duka lazima liwe limeuza bidhaa za sh. 10,000.

Nyumba yenye watoto watatu wanaopewa kiasi hicho hutoa sh. 3,000 kwa siku. Kwa siku za shule zipatazo 190 kwa mwaka, jumla ni sh. 570,000. Kuzirudisha fedha hizo kwa faida ya asilimia 10, duka linahitaji mauzo ya sh. milioni 5.7. Mwenye duka anayeshangaa kwa nini rafu zinazidi kuwa tupu wakati hajaibiwa na wateja hawajapungua, aanze kwa kuangalia mkono wake mwenyewe. Wahenga wa sokoni walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Hii haina maana kwamba mtoto asipewe kitu. Njaa haimfundishi mtoto biashara. Suala ni hela hiyo itoke wapi, itolewe kwa utaratibu gani, na itolewe kwa ajili ya nini.

Utaratibu ulio salama ni mwenye duka kujilipa mshahara wake, kiasi maalumu kwa wiki au kwa mwezi, na kuuandika kama gharama nyingine yoyote. Mahitaji yote ya nyumbani, pamoja na hela ya watoto, yatoke katika mshahara huo. Kisha hela ya mtoto igawanywe mafungu mawili. Fungu la chakula cha shuleni ni wajibu wa mzazi, litolewe kila siku bila masharti. Fungu la matumizi yake mwenyewe litolewe siku moja kwa wiki, liwe dogo kadiri uwezo unavyoruhusu, na likiisha lisiongezwe hadi wiki ifuatayo. Hata sh. 500 kwa wiki zinatosha kumfundisha mtoto kuwa aliyemaliza zote Jumatatu atakaa bila kitu hadi Jumapili. Somo hilo ni rahisi kwa sh. 500. Akilipata akiwa na umri wa miaka 30, na mkopo wa benki mkononi, litamgharimu nyumba.

Hapo ndipo linapozuka suala la kazi. Wapo wazazi wanaodai kuwa hakuna cha bure duniani, hivyo mtoto apewe hela pale tu anapoosha vyombo, kufagia uwanja au kuteka maji. Nia yao ni njema, lakini wanakosea soko. Kuosha sahani aliyolia mtu mwenyewe si huduma inayouzwa. Mama hapokei malipo kwa kupika ugali, wala baba hadai ujira kwa kumpeleka mtoto hospitali usiku. Kazi ya nyumbani ikishawekewa bei, mtoto naye anapata haki ya kuikataa bei hiyo. Siku akiwa na hela zake mfukoni atasema, "Leo mama sihitaji," na mama hatakuwa na la kujibu, kwa sababu ni yeye aliyefungua soko hilo jikoni kwake.

Sheria nayo inakubaliana na busara ya wazee. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 hautaji haki za mtoto peke yake. Kifungu cha 31 kinataja pia wajibu wake, ukiwamo wa kufanya kazi kwa ajili ya mshikamano wa familia na kuwasaidia wazazi wanapohitaji. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 imechukua wajibu huo huo. Wajibu haulipiwi.

Kazi ya dukani ni jambo jingine. Kijana anayekaa nyuma ya meza kila Jumamosi, akipima sukari, akirudisha chenji na kubeba katoni, anafanya kazi ambayo mzazi angemlipa kijana wa jirani. Asipolipwa, duka linaonyesha faida ambayo si ya kweli, maana gharama ya kazi imefichwa. Zaidi ya hayo, mtoto aliyezungukwa na fedha kutwa nzima na kuondoka mikono mitupu anajaribiwa bure. Wengine huanza kujilipa wenyewe kutoka kwenye droo, na mzazi anamwita mwanawe mwizi wakati yeye ndiye mdaiwa wa kwanza.

Wachumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha mwaka 2000 utafiti uliofanyika Israel kuhusu wanafunzi wa sekondari waliokuwa wakipita nyumba hadi nyumba kukusanya michango ya hisani. Kundi moja halikuahidiwa malipo, la pili liliahidiwa asilimia 1 ya makusanyo, na la tatu asilimia 10. Waliokusanya kidogo zaidi ni wale wa asilimia 1. Wale wa asilimia 10 waliwapita, lakini wasioahidiwa chochote ndio waliokusanya nyingi kuliko wote. Jina la utafiti wao linashauri kulipa vya kutosha au kutolipa kabisa. Kwa mfanyabiashara wa hapa nchini maana yake ni kwamba nyumbani usilipe, dukani lipa ujira wa haki, na usiharibu pande zote mbili kwa kurusha sarafu ya sh. 200 kila mtoto anaponyanyua ndoo.

Iko mipaka. Sheria hiyo ya mwaka 2009 inataka mtoto asifanye kazi ya ajira kabla ya kutimiza miaka 14, na baada ya hapo iwe kazi nyepesi isiyodhuru afya wala masomo yake. Mtoto anayetembeza karanga saa za shule, au anayelala saa sita usiku akihesabu mauzo, halelewi kuwa mfanyabiashara.

Jambo jingine halisemwi mara nyingi. Katika nyumba nyingi binti huosha vyombo na kulea wadogo zake, wakati kaka yake ndiye anayeitwa dukani. Dukani kukilipwa na nyumbani kusilipwe, kijana atamaliza mwaka akiwa na akiba na ujuzi wa bei, na binti atamaliza akiwa na mikono iliyochubuka kwa sabuni. Dawa yake ni zamu. Kijana ashike ufagio na sufuria wiki yake, na binti ashike mizani na daftari la duka wiki yake. Mfanyabiashara anayemwacha binti nje ya hesabu za duka anapunguza nusu ya watu ambao wangeweza kulisimamia atakapougua.

Wapo watakaosema kuwa haya ni mambo ya watu wenye nafasi, na kwamba duka la mtaani haliwezi kumlipa mshahara mwenyewe, sembuse mtoto. Lakini duka dogo ndilo lenye mtaji mdogo wa kuvuja. Duka la jumla linaweza kupoteza sh. 3,000 kwa siku na likasimama. Genge haliwezi. Asiyeweza kutoa posho wiki hii, amweleze mtoto wazi na amwonyeshe daftari. Mtoto aliyeonyeshwa kuwa wiki hii nyanya zimeoza tenga zima anajifunza zaidi ya yule anayepewa noti kimya kimya.

Na akipata chake, awe na mahali pa kukiweka. Kibubu kinatosha kuanzia. Baadaye zipo akaunti za watoto katika benki, na upo Mfuko wa Watoto wa UTT AMIS, ambako mzazi huwekeza kwa jina la mtoto na vipande hukua kadiri soko linavyokwenda, kwa kupanda na kwa kushuka pia. Mtoto aliyewahi kuona thamani ya kipande chake ikishuka na kurudi hatatapeliwa kirahisi ukubwani na anayeahidi kuzalisha fedha mara mbili kwa mwezi.

Maduka mengi hufa pamoja na waliyoyaanzisha, kwa sababu warithi wanaijua droo na hawalijui daftari. Mzazi anayetaka duka lake libaki alianze somo hilo Jumatatu hii, kwa kuifunga droo pale mtoto anapoomba hela ya shule, na kuitoa hela hiyo kwenye mfuko wake wa shati.