Mwenzako Akinyolewa: Kipuri Kibovu na Haki ya Kuambiwa



Kijana mmoja niliyemfundisha hadi kidato cha nne ndiye anayenipeleka shuleni siku za mvua. Ana bodaboda yake, aliyoilipia kidogo kidogo kwa miaka miwili, na njia za milimani huku Kabale anazijua hata gizani. Muhula uliopita hakuonekana steji kwa wiki sita. Siku hiyo alikuwa akiteremka mlima akiwa amembeba mama mmoja na gunia la viazi. Alipobana mkono wa breki ya mbele, ukamkatikia kiganjani. Breki ya nyuma peke yake haikuweza kuuhimili mzigo ule juu ya changarawe iliyolowa. Pikipiki ililala ubavu na kuwaburuta hadi mtaroni. Mama aliteguka kifundo cha mguu. Kijana alivunjika mtulinga.

Nilipokwenda kumjulia hali, alinionyesha kile kipande. Mahali kilipokatikia, chuma kilikuwa na vitundu vidogo vidogo kama vya mkate. Alikuwa amekinunua majuma matatu kabla, kwa nusu ya bei ya kile cha kiwandani. Nikamuuliza kama alimrudia muuzaji.

“Nilimtuma mdogo wangu, mwalimu. Sina ugomvi naye. Alitupa mwingine bila maneno.”

“Huo mwingine aliutoa wapi?”

Akanyamaza kidogo. “Kwenye boksi lile lile.”

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Kijana ametendewa haki kwa kipimo cha soko letu: alinunua kibaya, akapewa badala yake. Lakini boksi bado liko rafuni. Waliomo ndani yake, kama naweza kusema hivyo, ni abiria wa kesho na keshokutwa: mwanafunzi anayewahi mtihani, mjamzito anayekimbizwa zahanati, mkulima na gunia lake. Hakuna hata mmoja wao aliyeambiwa lolote.

Kabla ya kuendelea, tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kipuri kilichotengenezwa na kampuni nyingine, tofauti na ile iliyounda pikipiki, si lazima kiwe bandia. Biashara ya vipuri vya namna hiyo ni halali duniani kote, na vingine ni imara kuliko vya asili. Bandia ni kile kinachovaa jina la mwingine ili kudanganya. Tena, hata kipuri halali, cha kampuni inayojiheshimu, kinaweza kutoka na kasoro: chuma kimeyeyushwa vibaya siku moja, mashine imekata kwa kipimo kisicho sawa, mkaguzi amepitiwa. Kwa hiyo suala letu si kuwasaka matapeli tu. Suala ni hili: kasoro ikishajulikana, nani anapaswa kusema, amwambie nani, na lini?

Katika nchi zilizolijibu swali hilo kwa sheria, kuna utaratibu wa kuita bidhaa irudi. Kama mwalimu wa lugha naomba tulitazame hilo neno. Sisi tumezoea kusema “kurudisha bidhaa”, na mtenda katika kitenzi hicho ni mnunuzi: ndiye anayepanda gari, ndiye anayebishana kaunta, ndiye anayeombwa risiti. Tukisema “kuita bidhaa irudi”, mtenda anabadilika. Sasa ni mtengenezaji, mwagizaji au muuzaji anayesimama na kutangaza: tulikosea, acheni kutumia, leteni, gharama ni yetu. Tofauti ya kitenzi ni tofauti ya dhamana.

Marekani wana sheria ya usalama wa magari ya mwaka 1966, inayombana mtengenezaji wa gari, wa pikipiki na wa vipuri vyake kutangaza kasoro ya usalama na kuirekebisha. Lakini sheria hiyo inahusu vyombo vilivyoundwa hasa kwa ajili ya barabara za umma. Pikipiki za matope na milima, zile zinazopita pasipo barabara, zimewekwa chini ya chombo kingine, yaani tume ya usalama wa bidhaa za watumiaji, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Huko kampuni ikipata taarifa kwamba bidhaa yake ina kasoro inayoweza kuleta hatari kubwa, inatakiwa kuiarifu tume mara moja, ndani ya saa 24. Haisubiri idadi ya majeruhi itimie. Dawa yake huwa ni mojawapo ya tatu: kutengeneza, kubadilisha au kurudisha fedha. Na tangu mwaka 2008, kuendelea kuuza bidhaa iliyokwisha kuitwa irudi ni kosa kisheria. Boksi la duka letu, kwa kipimo hicho, lingekuwa ushahidi.

Mgawanyo ule wa barabara na pasipo barabara una funzo kwetu. Pikipiki zetu nyingi zimeundwa kwa ajili ya lami, mtu mmoja nyuma na mwendo wa wastani. Sisi tunazipandisha milima, tunazipitisha mitoni, tunazibebesha magunia, vitanda na wagonjwa. Kwa karatasi ni vyombo vya barabarani. Kwa kazi ni vyombo vya nyikani. Kipuri ambacho kingedumu mwaka mjini, hapa hupata majaribu ya mwaka mzima ndani ya mwezi. Kasoro ndogo haina pa kujificha kwenye mteremko wa changarawe.

Kwa nini basi kwetu bidhaa haziitwi? Sababu ya kwanza ni kwamba kipuri hakina anwani. Pikipiki ina namba ya chesisi na namba ya usajili; ikitokea kasoro ya kiwandani, angalau mwenye chombo anaweza kutafutwa. Mkono wa breki hauna usajili. Ukishatolewa kwenye mfuko wa plastiki, hakuna anayejua uliundwa lini, uliingizwa na nani, uko pamoja na ndugu zake wangapi. Sababu ya pili ni risiti. Fundi hununua, fundi hufunga, mwenye pikipiki hulipa jumla, na karatasi haipo kati yao. Sababu ya tatu ni sisi wenyewe. Tumeridhika na haki ya mtu mmoja mmoja. Tukibadilishiwa, tunanyamaza.

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Methali hii huwa nawafundisha wanafunzi kama wito wa tahadhari, lakini ina sharti ambalo sikulitambua hadi siku ile: lazima umwone mwenzako akinyolewa. Aliyenyolewa chumbani, mlango umefungwa, hamfundishi mtu. Muuzaji anapombadilishia mteja kimyakimya, amefunga mlango. Kuita bidhaa irudi ni kuufungua.

Je, sheria zetu zimekaa kimya? La. Hapa Uganda tunalo Shirika la Viwango, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1983, ambalo kazi yake ni pamoja na kuulinda umma dhidi ya bidhaa hatari na zisizokidhi viwango. Tunayo pia sheria ya mwaka 2017 ya uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma, inayomlinda mnunuzi dhidi ya bidhaa isiyofaa kwa kazi iliyouzwa kufanya. Katiba yetu ya mwaka 1995, ibara ya 41, inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa dola. Majirani zetu Wakenya, katika ibara ya 46 ya Katiba yao ya mwaka 2010, wameandika wazi kwamba mtumiaji ana haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya taarifa, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya fidia. Kinachopungua ni mnyororo unaotoka kwenye kipande kilichovunjika mtaroni hadi kwenye meza ya anayeweza kutoa amri.

Najua pingamizi litakalotolewa, na ni la watu wa kweli wenye shida ya kweli. Dereva atasema: ukiongeza masharti, vipuri vitapanda bei, na mimi nina marejesho ya mkopo kila juma. Sikubezi, ndugu yangu. Lakini piga hesabu ya kijana wetu. Aliokoa nusu ya bei ya mkono mmoja wa breki. Akapoteza kipato cha wiki sita, gharama za hospitali, na mteja ambaye hatampanda tena. Rahisi huvunja upishi. Zaidi ya hayo, mimi siombi kila kipuri kiwe cha bei ya juu. Naomba kile kilichokwisha kuonekana ni kibovu kisiuzwe kwa mtu wa pili. Hilo halipandishi bei ya kilicho kizima.

Muuzaji naye atasema hakukitengeneza yeye. Ni kweli, na haipasi kumfanya yeye mbuzi wa kafara. Lakini yeye ndiye wa kwanza kujua. Akirudishiwa vipande viwili vilivyokatika mahali pamoja, tayari ana habari ambayo mkaguzi wa mjini hana. Kuificha ni uamuzi wake mwenyewe.

Nini kifanyike, tena kuanzia juma hili? Mosi, kila anayenunua kipuri cha breki, usukani, magurudumu au mnyororo adai risiti yenye jina la duka, tarehe na aina ya kipuri, na atunze kifungashio chenye namba ya toleo. Pili, kila steji iwe na daftari. Mwenyekiti aandike kipuri gani kimevunjika, kilinunuliwa wapi, kilidumu siku ngapi. Na kipande chenyewe kihifadhiwe, kisitupwe kwa mnunuzi wa chuma chakavu, kwa kuwa ndicho shahidi. Tatu, matukio mawili yanayofanana yapelekwe kwa maandishi kwa Shirika la Viwango, nakala kwa mwenyekiti wa baraza la mtaa. Nne, wabunge wetu waulizwe: mwagizaji wa vipuri analazimika kutunza orodha ya maduka aliyoyauzia? Pasipo orodha hiyo, hata amri nzuri ya kuita bidhaa irudi itakuwa sauti nyikani. Tano, redio zetu za mikoani, zinazotangaza misiba kila jioni, zitenge dakika chache kutangaza vipuri vilivyothibitishwa na mamlaka kuwa ni hatari.

Kijana amerudi steji. Bega halijawa kama zamani, hasa asubuhi za baridi. Kipande kile amekifunga kwa waya kwenye mti ambao madereva hukaa chini yake wakisubiri abiria, na kila anayeuliza hupewa habari yake. Majuzi, kabla hatujaondoka, nilimwona dereva mwenzake akikitwaa, akakilinganisha na mkono wa breki wa pikipiki yake, akainama kuutazama vizuri penye bawaba. Kisha akachukua spana.

Yule dereva ameona. Kazi iliyobaki ni ya sheria: kuwafikia wale ambao hawapiti chini ya mti wetu.