KITI KITUPU BUNGENI



Karani asiyeonekana ofisini huulizwa sababu, na jibu lake huandikwa. Je, mjumbe tuliyemtuma Dodoma, siku ya kura asipokuwapo, huulizwa na nani?

Katiba yetu, ibara ya 71, yasema kwamba Mbunge akikosa mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa ya Spika, hupoteza kiti chake. Sharti hili si pambo. Mwezi wa Machi 2019 Bwana Joshua Nassari wa Arumeru Mashariki alipoteza kiti kwa ajili hiyo, ingawa alieleza kuwa alikuwa akimwuguza mkewe. Mwezi wa Juni mwaka ule ule Bwana Tundu Lissu wa Singida Mashariki naye alivuliwa ubunge, hali angali Ubelgiji alikokwenda kutibiwa majeraha ya risasi alizopigwa Dodoma mwaka 2017. Spika alisema hakuletewa taarifa ya maandishi ya mahali alipo, wala fomu ya mali haikutolewa.

Na tuje kwetu Songwe. Mwezi wa Mei 2020, baada ya Wabunge watatu kufariki kwa siku chache, CHADEMA kiliwaamuru Wabunge wake wakae mbali na Bunge kwa kuhofu Korona. Spika Job Ndugai akawataka warudishe posho. Bwana David Silinde, wakati ule Mbunge wa Momba, alibaki Bungeni, na chama chake kikamfukuza.

Basi twaona kwamba ruhusa ni ya Spika, na amri ni ya chama. Mpiga kura wa Vwawa, Itumba au Mkwajuni hakuulizwa neno.

Hatusemi kwamba kila asiyekuwapo ni mtoro, la hasha. Ugonjwa ni ugonjwa, na kutoka nje kwa kupinga jambo nako ni kauli. Lakini kimya si sababu. Bajeti hupigiwa kura kwa kuita majina moja moja, na humo mna mishahara yetu na dawa za zahanati zetu. Tena sharti la mikutano mitatu halimgusi yule aonekanaye siku ya kwanza kisha akatoweka siku ya kura.

Sisi watumishi hatupigii chama debe kazini, wala haitupasi. Lakini tu wapiga kura kama wengine. Kwa hiyo twawasihi: Mbunge ajapo Tunduma au penginepo kuhutubia, aulizwe kwa adabu, "Mheshimiwa, siku ile ya kura ulikuwa wapi, na kwa sababu gani?" Kuuliza hivyo si ugomvi, ni kudai hesabu ya amana tuliyompa.