Mfereji mkavu wa treni, na chupa tunazoziacha chooni



Ndugu yangu, dada yangu, leo tuzungumze choo. Usicheke. Ukurasa huu umekuzoesha habari za vitambulisho, za hijabu shuleni, za vijana wanaochukuliwa usiku na familia zisijue wako wapi, na hayo hatujayaacha. Lakini haki haikai mahakamani peke yake. Kuna haki nyingine unakutana nayo unaposukuma mlango wa choo cha treni, sakafu imejaa maji usiyoyajua ni maji gani, na ukifungua mfereji halitoki hata tone.

Wafuasi wetu wa Osiri, Migori na Homa Bay watauliza: treni gani tena, na sisi hatuna reli? Ni kweli. Reli ilifika ziwani pale Kisumu mwaka 1901, na upande wetu wa kusini haikuwahi kuvuka. Wazee wa Kendu Bay na Homa Bay walipanda meli za shirika la reli hadi Kisumu, ndipo wakaingia garimoshi. Leo kijana wa Osiri anayeenda kusoma Mombasa, au aliyepata kidogo machimboni akaamua kumpeleka mamake kwa jamaa Likoni, anaanza na pikipiki, anashika basi la usiku kupitia Kisii na Narok hadi Nairobi, na asubuhi ndipo apande treni. Anapokaa kwenye behewa ameshamaliza usiku mzima barabarani. Alfajiri ameiswali pembeni mwa kituo cha mafuta. Choo alicholipia huko njiani kilikuwa hakielezeki. Kwa hivyo choo cha treni kwake si cha safari ya saa tano au sita. Ni cha safari ya siku nzima na usiku wake.

Mwenzetu mmoja alisafiri hivyo na mamake, mama wa makamo, ana kisukari. Treni yenyewe hatuitaji. Mama hakunywa maji tangu jioni ya siku iliyotangulia. Si kwamba hayakuwepo, chupa ilikuwa mkobani. Alikataa tu. Safari ya nyuma yake aliingia chooni akakuta sakafu imelowa, akashindwa kulizuia buibui lake lisiguse, akakaa na wasiwasi wa najisi mpaka alipofika. Safari hii akaona heri kiu. Mtu wa kisukari anayejinyima maji saa kumi na tano, wewe mwenyewe unajua anajiweka wapi. Aliposhuka alikuwa amelegea, akashikwa mkono huku na huku hadi kwenye gari.

Wasichana wengi wanafanya hivyo hivyo, tena bila kusema. Wakiwa katika hedhi ndiyo zaidi, maana mahali pa kutupia sodo hakuna, na mlango haufungi.

Sasa ukweli usemwe, hata kama utatuuma. Ile sakafu iliyomtisha mama yule, nani aliilowesha? Wakati mwingine ni bomba linalovuja. Mara nyingi ni sisi. Ni kijana aliyeinua mguu akauweka ndani ya sinki kutawadha, maji yakamwagika pande zote, akatoka akifuta uso na dhikri mdomoni. Ni yule aliyepanda na viatu juu ya choo cha kukalia ili achutame, akaacha alama za matope. Ni yule aliyestanji kwa chupa ya soda, akaiacha pale chini kando ya mlango, nusu ina maji. Abiria anayeingia baada yako, Mkristo wa watu mwenye mtoto mdogo, anakuta kiti kimelowa na hajui kama ni maji au mkojo. Akisema Waislamu ni wachafu tutamwandikia kurasa tatu za kumjibu. Lakini yeye hakusoma kitabu chochote kutuhusu. Alisoma choo.

Na Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alitahadharisha juu ya anayejisaidia kwenye njia ya watu au kwenye kivuli wanachopumzikia, kwamba anajivutia laana. Choo cha pamoja kwenye treni ni njia ya watu. Ile hadithi ya makaburi mawili pia unaijua, ya yule aliyekuwa hajikingi na mkojo. Kama ni jambo zito kuuacha kwenye nguo yako, fikiria kuuacha mahali ambapo utaingia kwenye nguo ya mwenzako anayetaka kuswali.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hatulifikirii. Behewa halina kisima. Maji yote ya choo na sinki yamo kwenye tangi, tangi linajazwa kituoni, na likiisha limeisha. Vyoo vya mabehewa mengi ya kisasa hufyonza kwa nguvu ya hewa, ndiyo maana ukibonyeza unasikia ule mlio mkali, na kila mara hutumia kama lita moja tu au pungufu. Kwa hivyo hesabu ya tangi imefanywa kwa mtu anayenawa mikono, si kwa mtu anayefungua mfereji dakika nne akiosha miguu. Behewa lenye abiria mia na kitu, kumi kati yao wakifanya hivyo mapema, wa mwisho watakuta pakavu. Na mfumo huo huo wa kufyonza, ukitupiwa nepi, sodo au kitambaa, unaziba, na choo kinafungwa hadi mwisho wa safari. Fundi hawezi kukizibua treni ikiwa inapita Tsavo.

Utaniuliza: sasa nisitawadhe? Tawadha. Ila tawadha kama Mtume wako. Imepokewa na Anas, radhi za Allah ziwe juu yake, kwamba alikuwa akitawadha kwa mudi moja na kuoga kwa pishi moja hadi mudi tano. Mudi ni kama theluthi mbili za lita. Yaani udhu mzima, uso, mikono, kichwa na miguu, kwa maji yasiyojaza ile chupa ya lita moja unayonunua dukani. Hebu jaribu nyumbani kesho. Utaona mara ya kwanza yanakuishia kwenye kiwiko, mara ya pili kwenye kifundo cha mguu, mara ya tatu yanatosha. Ukishaweza nyumbani, kwenye treni hutalowesha sakafu.

Na dini imekurahisishia zaidi ya hapo. Msafiri anaruhusiwa kupangusa juu ya khofu siku tatu na nyusiku zake, bora awe amezivaa akiwa na twahara. Miguu haina haja ya kuingia kwenye sinki. Habari ya soksi za kawaida wanazuoni wamehitilafiana, muulize ustadh wako kabla ya safari, si ndani ya behewa. Pia ukitoka Nairobi asubuhi na unafika Mombasa alasiri, na safari yako ni ya masafa, unaweza kunuia ndani ya wakati wa Adhuhuri kwamba utaichelewesha uiswali pamoja na Alasiri ukishashuka. Huenda usihitaji kutawadha ndani ya treni kabisa. Rukhsa ni zawadi, usiiache ukaja kugombana na watu mlangoni mwa choo.

Haya ndiyo ya upande wetu. Sasa upande wa pili, maana wenye treni wasidhani tumewasamehe.

Wengine wenu mtataka tuandike kwamba choo bila maji ni ubaguzi dhidi ya Waislamu. Hatutaandika hivyo, kwa sababu si kweli. Kisheria karatasi inatosha kwa kustanji, ikitimiza masharti yake, na vitabu vya fiqhi vimeeleza mawe kabla hata ya tishu kuwepo. Maji ni bora, lakini ukidai kwamba swala yako imebatilika kwa sababu ya tishu, mwanasheria wa shirika atamwita sheikh mmoja tu na kesi yako imeisha. Na mfereji uliokauka umekauka kwa kila mtu. Yule mama Mkristo mwenye mtoto anahitaji maji yale yale. Hapa tuna nguvu zaidi tukisimama naye kuliko tukisimama peke yetu.

Zamani reli hii ilibagua waziwazi. Mzungu daraja la kwanza, Mhindi la pili, Mwafrika la tatu, na ulipotaka kujua mkoloni anakuthamini kiasi gani ulitazama behewa ulilowekwa. Siku hizi anayetenganisha ni bei. Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kati ya Nairobi na Mombasa ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Popote reli ilipo, Kenya au kwa jirani, mwenye tiketi ya bei ndogo naye ana tumbo na kibofu kama wa daraja la kwanza.

Katiba ya 2010 imesema hivyo kwa lugha yake. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya viwango vinavyofaa vya usafi, na ya maji safi, salama na ya kutosha. Ibara ya 46 inampa mnunuzi wa huduma haki ya huduma yenye ubora unaofaa, na imeweka wazi kwamba hilo linahusu mashirika ya umma sawa na watu binafsi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu wewe raia kuliandikia shirika la umma na kuuliza: matangi ya maji hujazwa wapi na mara ngapi? Choo husafishwa kila baada ya muda gani njiani? Wana siku 21 za kujibu. Wakinyamaza, unapeleka kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu huiita Ombudsman. Wakili huhitaji, wala huhitaji kwenda Nairobi.

Lakini andika vizuri, si matusi. Mwaka 1909 kule Bengal, abiria mmoja aitwaye Okhil Chandra Sen aliiandikia ofisi ya reli barua ya Kiingereza kibovu kabisa. Alikuwa amekula fenesi, tumbo likamvuruga, akashuka stesheni kujisaidia, mlinzi wa treni akapuliza filimbi. Maskini akakimbia, kopo mkono mmoja na nguo mkono wa pili, akaanguka mbele ya wanaume na wanawake, treni ikaenda. Akataka mlinzi atozwe faini, la sivyo angepeleka habari magazetini. Barua hiyo imehifadhiwa kwenye makumbusho ya reli mjini Delhi, na inasimuliwa kwamba ndiyo iliyosukuma vyoo viwekwe kwenye mabehewa ya watu wa kawaida. Tazama alichofanya: alisema ni stesheni gani, nini kilitokea, nani alikosea, na anataka nini. Wewe una simu. Andika tarehe, namba ya treni, namba ya behewa, saa, na mfereji ulikuwa vipi. Picha piga ya mfereji na sakafu, usipige ya watu. Na ukirekodi video ukimfokea msafishaji, usitutumie, hatutaiweka.

Kuhusu huyo msafishaji, kwa kweli tunakosea sana. Yeye hakulijaza tangi wala hakulikausha. Anapita na ndoo yake akiokota chupa zako. Bedui alipokojoa ndani ya msikiti wa Madina, Maswahaba walitaka kumrukia. Mtume akawaambia wamwache amalize, kisha yakamwagwa maji pale, na bedui akaelezwa kwa upole. Kama bedui alitendewa hivyo, huyu asiye na kosa lolote utamfokeaje?

Safari ndefu zaidi ina mtihani wake. Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi kwa TAZARA ni kilomita 1,860, mtu analala njiani, na kwenye safari kama hizo kuna anayeamka na janaba. Lile pishi tulilotaja ni kama lita mbili na nusu hadi tatu: ndoo ndogo. Popote penye bafu la pamoja, oga kwa kiasi hicho, toa nywele zako kwenye tundu la maji, na usifanye foleni ya watu kumi ingoje wimbo wako wa tatu. Pasipo na maji kabisa, kuna tayammamu.

Likizo inakaribia na wengi wenu mtasafiri kutoka Osiri kwenda pwani. Ukikuta mfereji mkavu, tutumie namba ya behewa, tarehe na saa. Tutazikusanya, tutaandika barua moja yenye zote, na majina ya Wakristo waliokubali kutia sahihi yatakuwa humo pamoja na yetu. Ile chupa uliyoingia nayo chooni, toka nayo.

Wabillahi tawfiq.