Ini Halioshwi kwa Juisi

Ukifika sokoni Voi asubuhi, msomaji mpendwa, utapata kabichi, ndizi na mapera yaliyoteremshwa kutoka milima ya Taita. Huenda ukaambiwa pia kwamba juisi ya matunda "huosha ini". Je, ni kweli?

Ini ndilo linalovunja sumu mwilini. Katika kazi hiyo, hasa ya kuvunja pombe, hutokea chembe kali za oksijeni zinazoharibu seli, mithili ya kutu inavyokula bati. Vitu vinavyozizima chembe hizo huitwa antioksidanti. Vitamini C iliyo katika mapera ni mojawapo. Lakini mlinzi mkuu wa ini ni glutathioni, na hii ini hujitengenezea lenyewe kutokana na protini tunayopata kwa maharagwe, mayai au samaki.

Hata hivyo, mlinzi huweza kuzidiwa. Mwaka 2004, katika Makueni, jirani ya Taita Taveta, na pia Kitui na sehemu nyingine, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa. Walikula mahindi yaliyohifadhiwa kabla ya kukauka, yakaota ukungu wenye sumu ya aflatoksini. Ini linapoivunja sumu hii, kwanza huigeuza ikawa kali zaidi. Glutathioni ikipungua, seli hufa. Hata ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka, huleta saratani ya ini, hasa kwa mwenye virusi vya hepatitisi B.

Basi usitegemee juisi. Kusonga ugali pia hakuondoi sumu hiyo.

Ukiletewa gunia kutoka mashambani, fanya hivi: tia punje chache na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, utikise, kisha uache dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi; yaanike tena juu ya turubai, si juu ya udongo. Yenye ukungu yatupe. Usimpe ng'ombe, kwani sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Mpeleke mtoto apate chanjo. Tangu 2001 ile ya hepatitisi B imo katika chanjo za watoto wachanga nchini. Na ukiona macho ya mtu wako yamegeuka manjano, usimtafutie juisi. Mkimbize hospitali.